Mwanaidi Alimeza Vyote

Wanangu mnaoanza uuguzi, mwalimu wenu aliponiomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu kazini, najua alitarajia habari za watoto niliowapokea. Wapo wengi. Wengine leo wananipita barabarani na pikipiki zao bila kunitambua, na siwalaumu. Nani atamkumbuka mtu aliyemshika miguu juu kichwa chini? Lakini habari za watoto mtazisikia kwa wakunga wengine. Mimi nataka kuwaeleza habari ya vidonge vya majira, vile vya kupanga uzazi, na ya mwanamke mmoja aliyeitwa Mwanaidi, kwa sababu hiyo ndiyo inayonikaa kifuani.

Jina langu Felista. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu wa bara, akahamishiwa Bagamoyo nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nikakulia pwani, nikasomea pwani, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya katika zahanati moja ya kijijini upande wa Kiwangwa, kwenye mananasi na mikorosho. Chumba changu cha uzazi wa mpango kilikuwa stoo zamani. Mlango wake ulikuwa umevimba kwa mvua, haukufungika, tukatundika kanga mbili. Benchi la wanaosubiri lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye meza yangu. Kila neno lililosemwa ndani lilisikika nje, na kila kikohozi cha nje kilisikika ndani. Wakati ule sikuona kama hilo ni tatizo. Nilikuwa hodari wa kuongea na nilipenda kusikilizwa.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura, mkunga mkongwe wa Bagamoyo mjini. Kwao walikuwa Waarabu wa asili ya Omani wenye duka la vitambaa, ila yeye alikataa duka akachagua hospitali, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano zake. Siku ya kwanza alinikalisha, akanipa pakiti ya vidonge mkononi.

"Unaona nini?"

"Vidonge ishirini na kimoja vyeupe, na saba vya kahawia."

"Vyeupe vinafanya nini?"

"Vinazuia mimba, bibi."

"Hata muuza duka anajua hivyo. Nimekuuliza vinafanya nini."

Akavuta kiti, akanieleza taratibu, na mpaka leo sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi. Chini ya ubongo, alisema, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Kila mwezi tezi hiyo hutuma ujumbe kupitia damu kwenda kwenye mifuko ya mayai: pevusheni yai. Ndani ya kidonge cheupe kuna homoni mbili, estrojeni na projestini, zinazofanana na zile ambazo mwili wa mwanamke hujitengenezea. Akimeza kila siku, homoni hizo zinakuwamo kwenye damu muda wote. Ubongo ukipima, unaona zimo za kutosha, na ule ujumbe hautumwi. Yai halipevuki wala halitoki.

"Mama mkwe akikuta sufuria ya wali imeshafunikwa jikoni," alisema Bi Zuhura, "hamwambii mtu apike."

Tena projestini inafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za mwanamume zikwame njiani, na ukuta wa ndani wa mji wa mimba unabaki mwembamba. Kwa hiyo kidonge kimoja kina kazi tatu, ingawa ile ya kwanza ndiyo kubwa. Vile saba vya kahawia havina homoni kabisa. Ni madini ya chuma ya kuongeza damu. Siku hizo saba homoni zinashuka, na damu kidogo inatoka. Si hedhi yenyewe hasa, kwa sababu hakuna yai lililotoka. Ni mwili unaitikia kukosa homoni. Waliobuni vidonge walipanga hivyo ili mwanamke auone mwezi wake na moyo wake utulie.

Nilijifunza yote hayo, nikayaeleza kwa wanawake miaka na miaka, na nikakutana na vituko vyake. Kuna dada mmoja alikuja analia kwamba ana mimba kwa sababu hajaona siku zake miezi mitatu. Nilipomhoji, kumbe alikuwa akivitupa vile vya kahawia jalalani kila mwezi. "Sista, vilikuwa vimeota kutu!" Alikuwa akimaliza vyeupe anaanza pakiti nyingine moja kwa moja, hivyo alikuwa salama kuliko wote waliokaa kwenye benchi, tukacheka mpaka machozi. Mwingine mume wake aliendesha lori barabara ya Segera. Akawa anameza kidonge siku anazosikia honi ya lori tu. "Sasa nimeze cha nini na mwenyewe hayupo?" Huyo hakuwa salama, alijifungua mapacha. Nilimwambia kosa ni langu, sikumwambia waziwazi kwamba ubongo hausubiri honi, unataka kila siku, saa ileile, na kwamba akisahau kimoja akimeze mara tu anapokumbuka, hata kama atameza viwili siku moja.

Mnaona? Huyo nilimwomba radhi mwaka uleule. Nilijua kuomba radhi. Hilo ndilo linalofanya habari ya Mwanaidi iniume zaidi.

Mwanaidi alikuja asubuhi moja na mume wake, Shabani. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Wanaume hawakuwa wakifika kwenye chumba kile. Yeye alikuwa mwembamba, mpole, anajifunika mdomo kwa ncha ya kanga anapoongea. Nilidhani ni haya. Shabani alikuwa kijana wa mabega mapana, mikono imejaa sugu. Alikuwa akiponda kokoto kwenye machimbo ya mawe ya Lugoba, anaondoka Jumatatu alfajiri, anarudi Jumamosi. Walikuwa na watoto watatu.

"Shikamoo, sista," alisema Mwanaidi.

"Marahaba. Karibuni. Nani mgonjwa?"

Shabani ndiye aliyejibu. "Hakuna mgonjwa, sista. Daktari amesema mke wangu apumzike kuzaa kwanza. Tunataka vidonge."

Wanangu, simameni hapo kidogo. Daktari amesema. Daktari gani? Wa wapi? Kwa nini? Kulikuwa na karatasi imebandikwa ukutani nyuma yangu, maswali ya kumuuliza kila mwanamke kabla ya kumpa vidonge. Unavuta sigara? Unaumwa kichwa cha kupita kiasi? Umewahi kuvimba mguu kwa damu kuganda? Presha yako ikoje? Na moja lilisema: unatumia dawa yoyote ya muda mrefu, kama za kifua kikuu au kifafa? Nilikuwa nimeyakariri maswali yale, na anayekariri huanza kuruka. Nilimpima presha, nikamuuliza kuhusu kichwa na miguu. Lile la dawa nililiona la kujaza karatasi, hakuna aliyewahi kunieleza sababu yake na mimi sikuuliza. Benchi lilikuwa limejaa. Nikaweka alama ya "hapana" mwenyewe.

Alipokuja kuchukua pakiti ya pili, alikuwa peke yake. Nilimuuliza kama kuna shida yoyote. Akatazama ile kanga ya mlangoni, akashusha sauti.

"Sista, hizi dawa zinaweza kugeuza mkojo ukawa mwekundu? Kama chungwa hivi?"

Nami nikacheka, kwa sauti yangu ileile ya kusikika. "Mkojo mwekundu? Wewe hunywi maji, mama! Kunywa maji, utakuwa mweupe." Kwenye benchi wakacheka pia. Mwanaidi akatabasamu kidogo, akachukua pakiti za miezi minne, akaondoka.

Baada ya miezi minne hivi akarudi. Hakukaa kwenye benchi. Aliingia moja kwa moja akasimama mbele ya meza.

"Sista, nina mimba."

Nilimpima. Kweli alikuwa nayo.

"Ulisahau siku ngapi?" nikamuuliza.

"Sikusahau hata moja."

"Mwanaidi, nieleze ukweli ili nikusaidie."

Akafungua mfuko wa plastiki aliokuja nao, akaumwaga juu ya meza. Pakiti tupu. Zote nilizompa, hakuna kidonge kilichobaki isipokuwa vichache vya mwezi ule. Alikuwa ameweka alama ya kalamu kwenye kila siku. Nimefanya kazi ile zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuona mwanamke mwingine aliyetunza namna ile.

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Ninaomba Mungu mngekaa kimya mkafikiri. Mimi nilizisukuma zile pakiti pembeni nikasema, "Kutoboa pakiti si kumeza kidonge."

Alinitazama. Hakulia. "Nimemeza vyote, sista."

"Vidonge havidanganyi, Mwanaidi. Wanaodanganya ni watu."

Nje kwenye benchi palikuwa kimya kabisa. Akaokota pakiti zake moja moja, akazirudisha kwenye mfuko, akainua kanga ya mlangoni akatoka. Nami nikaita, "Mwingine!"

Jumamosi iliyofuata Shabani alikuja. Hakuwa na hasira. Nataka mlijue hilo. Alikuwa kama mtu aliyepotea anayeuliza njia. Akavua kofia akakaa.

"Sista, nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye mwenye kujua. Mke wangu anasema alimeza vyote. Je, inawezekana mtu ameze vyote, kila siku, na bado apate mimba?"

Kulikuwa na jibu la kweli, nalo lilikuwa neno moja: sijui. Bi Zuhura alikuwa akinisisitizia kwamba hakuna dawa isiyoshindwa hata mara moja, na kwamba mgonjwa akikuambia jambo usilolielewa, uanze kwa kumwamini ndipo utafute. Lakini kijana yule alikuwa amenitazama kama mtaalamu, na mtaalamu nikamjibu.

"Haiwezekani."

Akakaa na kofia yake magotini. Kisha akasema polepole, kama anayejihesabia mwenyewe, "Jumamosi na Jumapili nilikuwa namwona kwa macho yangu akimeza. Mimi mwenyewe nilimpa maji."

"Basi ni siku nyingine ndizo hakumeza," nikasema.

"Siku nyingine sikuwepo."

"Ndiyo nasema."

Sikuelewa nilichokuwa nimemwambia. Naapa sikuelewa. Nilidhani namweleza kuhusu usahaulifu wa mkewe. Yeye aliondoka pale na hesabu nyingine: siku nilizokuwepo alimeza, siku nisizokuwepo hakumeza, basi mimba imeingia siku ambazo sikuwepo. Ndugu zake wakamsaidia kumalizia. Kabla ya mvua za vuli, Mwanaidi alikuwa amepewa talaka, amerudi kwa mama yake na watoto watatu na tumbo. Hakuja kliniki kwangu hata siku moja. Alijifungulia nyumbani kwa mama yake, mtoto wa kike, akamwita Yakini. Shabani hakufika kumwona mtoto, na baada ya muda akahama Lugoba, tukasikia yuko Vigwaza, ameoa tena.

Nilisikia habari hizo kwenye benchi, kama zinavyosikika habari zote. Nilisikitika kama unavyosikitikia ajali ya watu wengine.

Miaka ikapita. Nikaitwa mafunzo Bagamoyo mjini, ya kutukumbusha uzazi wa mpango kwa sisi wazee wa kazi. Aliyefundisha alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa pili, na sisi wenye mvi tulikaa nyuma tukichati kwa simu. Alianza na historia. Alisema wataalamu wa kemia walitengeneza homoni hizi kwanza kutokana na kiazi cha porini cha Meksiko, aina ya kiazi kikuu, na hapo nikainua kichwa, maana kiazi kikuu nakijua, nimekichimba mwenyewe. Akasema vidonge vya mwanzo havikukusudiwa kuwa na estrojeni. Iliingia kama uchafu wakati wa kutengeneza projestini. Walipousafisha ule uchafu, wanawake wakaanza kutokwa damu ovyo katikati ya mwezi, ndipo wakagundua kwamba ule uchafu ulikuwa na kazi yake, wakairudisha kwa makusudi. Ndiyo maana leo kidonge kina homoni mbili. Tukacheka; kumbe hata wakubwa hubahatisha.

Kisha akatuambia vilijaribiwa wapi. Katika kisiwa kimoja cha Karibi, kwa wanawake maskini, ambao wengi hawakuelezwa kwamba wanafanyiwa majaribio. Dozi za wakati ule zilikuwa nzito mara nyingi kuliko za leo. Walipolalamika kichwa kinawauma, wanatapika, wanaona kizunguzungu, baadhi ya wakubwa wa utafiti walisema ni mawazo yao tu, wanawake wale si wa kuaminika. Ikachukua miaka kabla watu hawajakubali kwamba estrojeni nyingi inaweza kugandisha damu kwenye mishipa, ndipo dozi zikapunguzwa.

"Kwa hiyo," alisema yule binti, "haya maswali kwenye karatasi yenu, kila moja limewekwa pale kwa sababu kuna mwanamke alidhurika kwanza. Kwa mfano hili la dawa za kifua kikuu. Nani anajua kwa nini tunauliza?"

Hakuna aliyejua. Akaeleza. Katika dawa za kifua kikuu kuna moja inaitwa rifampisini. Inalichochea ini lifanye kazi kwa kasi isiyo ya kawaida. Na ini ndilo linaloondoa homoni za vidonge kwenye damu. Mwanamke anameza kidonge vizuri kabisa, ini linakifagia kabla ya kesho, homoni zinapungua, ubongo unatuma ujumbe wake, yai linatoka. Mwanamke huyo apewe sindano au kitanzi, wala asitegemee vidonge mpaka wiki kadhaa baada ya kumaliza dawa hiyo.

"Na mtamtambua kirahisi hata akificha," akamalizia, "kwa sababu rifampisini hugeuza mkojo. Unakuwa mwekundu kama chungwa."

Nilitoka nje. Wenzangu walidhani nimeshikwa na tumbo. Nilikaa kwenye ngazi, nikaona tena ile ncha ya kanga mdomoni. Haikuwa haya. Alikuwa anazuia kikohozi.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijamwambia hata marehemu mume wangu. Sikwenda kwa Mwanaidi wiki ile. Wala mwezi ule, wala mwaka ule. Nilijiambia ameshasahau. Nilijiambia nikienda nitatonesha kidonda. Nilibadilika kazini, hilo ni kweli: nilimsomea kila mwanamke karatasi nzima kidole kikifuata mstari, nikapigania mlango mpaka ukatengenezwa, nikalihamisha benchi mbali chini ya upenu wa pili. Wanawake wa baadaye walipata muuguzi mzuri. Lakini Mwanaidi alikuwa akiishi mwendo wa saa moja kutoka kwenye meza yangu, na mimi nilikaa miaka tisa na neno lake mdomoni. Nilikwenda baada ya kustaafu, wakati hakuna tena aliyeweza kunishtaki kwa mkubwa yeyote. Jueni hivyo. Uoga una adabu sana. Unasubiri mpaka pensheni ianze.

Nilimkuta uani kwake anachagua machipukizi ya mananasi ya kupanda. Alikuwa amenenepa, mvi zimemwingia pembeni. Alinijua mara moja.

"Shikamoo, sista."

Nikashindwa kuitikia. Nikakaa kwenye kigoda alichonipa, nikamwambia yote, kiazi na ini na rifampisini, nikiongea upesi kama mwanafunzi aliyekariri. Nikamaliza kwa kusema, "Ulimeza, Mwanaidi. Ulimeza vyote. Ulikuwa unasema kweli, na mimi ndiye nilikosea. Naomba unisamehe."

Aliendelea kuchagua machipukizi yake, makubwa huku, madogo kule.

"Mimi nilijua kwamba nilimeza," alisema. "Hilo hujaniletea jambo jipya."

"Najua."

"Nilikutajia mkojo, sista. Unakumbuka? Kule kituoni walikonipa dawa walishaniambia mkojo utageuka, nilijua ni wa nini. Nilikutajia ili uniulize. Nisingeweza kusema kifua kikuu pale, watu wote wale nje, watoto wangu wangetengwa shuleni. Nikasema nitamtajia mkojo, yeye amesoma, ataelewa, ataniita pembeni aniulize." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ukacheka."

Nikaokota chipukizi lililoanguka, nikaliweka upande wa madogo.

"Msamaha wangu utapata," akasema. "Sina haja ya kukunyima, mimi ni mtu mzima. Lakini umekuja nyumba isiyo yenyewe. Aliyekuuliza wakati ule si mimi. Kamjibu aliyekuuliza."

Keshokutwa yake nilikwenda Vigwaza. Haikuwa kazi kumpata; Shabani anaziba pancha kando ya barabara kuu ya Morogoro, kila dereva anamjua. Alikuwa amekonda, vumbi la mawe limemwachia pumzi fupi, na alipokuwa akijaza upepo tairi la baiskeli alipumzika mara mbili. Nilijitambulisha. Akasema, "Nakujua, mama," akaendelea kupampu mpaka akamaliza.

Nilimwambia kama nilivyomwambia Mwanaidi, ila polepole zaidi. Nilipofika kwenye dawa za kifua kikuu akaniinulia mkono ninyamaze.

"Zile dawa," alisema, "nilikuwa nazileta mimi. Kila Jumamosi. Kituo kilikuwa karibu na machimbo, wakanipa za wiki nzima nimpelekee. Nilikuwa naziweka mfuko wa shati, hapa, zisilowe."

"Hukukosea kuzileta. Zilimponya."

"Unasema mtu anaweza kumeza vyote na akapata mimba."

"Ndiyo. Anaweza."

"Mimi nilikuuliza hivyo hivyo."

"Ndiyo, uliniuliza. Nikakujibu haiwezekani. Nilikuwa sijui, Shabani. Nilipaswa kukuambia sijui."

Alikaa juu ya tairi. Magari makubwa yakapita, akasubiri yapite.

"Ungeniambia sijui," alisema, "ningerudi nyumbani nikakaa na sijui yako. Mtu anaweza kuishi na sijui."

Halafu akamwita mke wake, aliyekuwa kibandani anakaanga mihogo. Mwanamke mwenye uso mpana, mchangamfu, akaja anajifuta mikono.

"Mama, rudia," Shabani akaniambia. "Huyu nilimwambia yule wa kwanza alizaa nje. Watoto wangu wote nimewaambia. Rudia asikie."

Nikarudia. Nimetoa mafunzo mbele ya watu mia, lakini sijawahi kuongea kwa shida kama nilivyoongea mbele ya mwanamke yule na karai lake la mihogo. Nilipomaliza, akashika kichwa. "Masikini dada wa watu," akasema. Shabani akanyanyua pampu yake, akaanza kuliangalia tairi lingine, na mimi nikajua nimeruhusiwa kuondoka.

Mtaniuliza, sasa sista, somo ni lipi? Ulizeni maswali yote ya karatasi, fungeni mlango, mjue kwa nini kila swali lipo. Hayo mtafundishwa na mtafaulu mitihani yake. Mimi nawaongezea kwamba siku moja mtu atawauliza jambo msilolijua, akiwa amevua kofia, na mtakuwa mmevaa nguo nyeupe. Siku hiyo msiiache nguo ijibu. Wala msifikiri, kama nilivyofikiri mimi, kwamba ukweli ukichelewa unabaki ukweli uleule. Unafika, ndiyo, lakini unawakuta watu wamezeeka, wameoa, wameshalea watoto peke yao, na hakuna unachoweza kuwarudishia ila maneno.

Mwezi uliopita Mwanaidi alinipigia simu. Hakuwa na kawaida hiyo. Tulisalimiana, tukaulizana hali za watoto na shamba, kisha akasema kama anayetaja mvua, "Shabani alikuja Ijumaa."

"Alikuja kwako?"

"Alikuja. Alivaa kanzu. Alimkuta Yakini uani anafua. Yakini akamwambia shikamoo, kama anavyomwamkia mgeni yeyote mtu mzima."

"Akasema nini?"

"Akaitikia marahaba. Kisha akakaa kwenye kigoda, akawa anamtazama tu anavyofua. Yakini anasema alikaa mpaka nguo zote zikaanikwa. Akanywa maji, akaaga, akaenda zake."

"Na wewe ulimwambia nini, Mwanaidi?"

Nilimsikia akivuta pumzi, pumzi ndefu, nzima, isiyo na kikohozi.

"Mimi nilikuwa shamba. Waliniita, nikasikia kabisa wananiita. Nilikuwa nimebakiza mistari mitatu ya mananasi, nikaimaliza yote mitatu, ndipo nikarudi nyumbani."